Kibao Kilichosema Sita

Naandika haya nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nimekuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka ishirini na saba. Nimekamata mawe ya kupimia yaliyotobolewa chini, nimekamata vibaba vilivyopakwa nta ndani, na nilidhani nimeshaona kila namna ambayo kitu kinaweza kuitwa jina lisilo lake. Kisha nikaenda Pamojani.

Jinsi nilivyofika si habari ya kumpotezea mtu muda. Nilifika. Mpakani palikuwa na meza, na nyuma ya meza afisa mwenye sare iliyopigwa pasi, ambaye alinipa karatasi yenye kichwa Orodha ya Mahitaji. Sheria ya kwanza ya nchi ile ni kwamba kila aingiaye ataje, kabla hajavuka, vitu vyote anavyovitegemea. Nikaandika: miwani, dawa ya presha, chai.

"Chai toleo la ngapi?" akauliza afisa.

"Chai ya rangi."

Akafunua daftari, akashuka na kidole, akapanda nacho. "Toleo la Rangi halimo. Kuna Toleo la Tatu na Toleo la Tano."

"Bwana, chai ni chai."

Aliniangalia kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. "Mzee, kwetu hakuna kitu kisicho na toleo," akasema, akanigongea muhuri nipite.

Asubuhi iliyofuata, katika nyumba ya wageni, nililetewa kikombe kilichofungwa kibao kidogo cha mbao chenye maneno "Chai ya Rangi". Ndani mlikuwa na uji wa ulezi. Nilimwita mhudumu, naye akasoma kibao, akakisoma tena kwa sauti, kisha akaniuliza kwa upole kama sijui kusoma. Nikanywa uji wangu. Siku ile nilicheka, na kwa kicheko hicho najilaumu mpaka leo.

Sasa nieleze nchi yenyewe, maana bila hivyo hakuna kitakachoeleweka. Wapamojani ni watu wa hesabu. Huhesabu mvua, mavuno, dozi za dawa, uzito wa madaraja, na mimi ambaye nimekula chumvi katika kazi ya vipimo nasema wanahesabu vizuri kuliko sisi. Lakini wana sheria kwamba mtu asiandike jambo ambalo limeshaandikwa katika maktaba ya umma. Akifika mahali pa kuzidisha, haandiki namna ya kuzidisha. Anaacha tundu kwenye karatasi, na juu ya tundu anaandika jina tu: "Hapa Kitabu cha Kuzidisha, Toleo la Nne." Hesabu ya Mpamojani ukiishika mkononi ni matundu matupu.

Sikuiona sheria hiyo kuwa ya kipumbavu, na bado siioni hivyo. Kitabu kimoja kinawatosha watu elfu. Kikipatikana na kosa, linasahihishwa mara moja na nchi nzima inapona. Upumbavu haumo kwenye kushirikiana. Umo mahali pengine, na nitaufikia.

Hesabu yenye matundu haiwezi kujibu kitu mpaka isomwe Ukumbini, na pale Ukumbini yuko mtumishi anayeitwa Mwelekezi. Yeye hupewa hesabu, hutazama majina yaliyo juu ya matundu, kisha hutoka mbio kwenda kuvitafuta vitabu hivyo katika barabara tisa za maktaba, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ulioandikwa kwenye karatasi anayoivaa shingoni. Kitabu cha kwanza chenye jina linalofanana ndicho hicho. Hakifungui kutazama ndani, wala haulizi barabara inayofuata ina nini. Akivipata vyote, hesabu inasomwa. Kikikosekana hata kimoja, ingawa kilihitajiwa kwenye mstari wa mwisho kabisa, Mwelekezi hurudi Ukumbini, hujilaza chali sakafuni, hufumba macho na kutamka neno moja la kisheria: "Sijaona." Basi. Hesabu imekufa kabla haijaanza.

Mwelekezi niliyemkuta alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini hivi, mwenye viatu vilivyolika visigino, na jina lake lilikuwa Sijaona. Sikupata kujua kama alipewa na wazazi au na kazi.

Mwenyeji wangu mjini alikuwa Bi. Nyamizi, mama wa makamo, mcheshi, mwenye wino usiotoka kwenye kidole cha shahada. Kazi yake ilikuwa moja. Kila masika alihesabu mto utapanda dhiraa ngapi kwenye daraja la Mabondeni, mji wa watu elfu mbili ulioko chini ya milima. Mji ule una tuta la dhiraa saba. Namba ikiwa chini ya saba, watu wanaendelea na shughuli zao. Ikizidi saba, wanabeba walichonacho na kupanda juu. Kwa miaka kumi na minne Nyamizi hakuwahi kukosea zaidi ya shibiri moja. Mwenyewe alizaliwa Mabondeni, na mdogo wake Tunu alikuwa bado anaishi kule, akiwa na mtoto wa wiki mbili.

"Si wangehama tu wakiona mvua?" nilimuuliza.

"Mzee wangu, mtu wa Mabondeni hahami kwa mawingu," akasema. "Mawingu kayaona tangu utotoni. Anahama kwa namba iliyosomwa Ukumbini, na hiyo namba ni mimi ninayewapelekea."

Mvua ilikuwa imenyesha milimani siku tisa mfululizo. Siku ya kumi Nyamizi alichukua kikapu chake, akaweka hesabu ndani, akasema twende tukasomewe. Wajumbe watatu wa Mabondeni walikuwa wamekwisha kufika na kukaa kwenye benchi la mbele, miguu yao ikiwa na matope.

Sijaona akapokea hesabu, akatazama majina, akatoka mbio. Tulimsubiri. Akarudi akitweta, akajilaza chali.

"Sijaona," akasema. "Kitabu cha Mito, Toleo la Sita."

Ukumbi ukaguna. Wiki iliyotangulia, kumbe, maktaba zilikuwa zimehuishwa. Toleo la Sita liliondolewa kwenye barabara zote tisa, likasagwa, na majimaji yake yakatumika kutengeneza mbao za vibao. Mahali pake pakawekwa Toleo la Saba, lenye jalada zuri la kijani.

Hapo Nyamizi alifanya jambo lililonishangaza. Aliingiza mkono kikapuni, kile kile kilichokuwa mezani mbele ya pua ya Mwelekezi, akatoa kitabu kikuukuu. Kilikuwa Kitabu cha Mito, Toleo la Sita. Akakiweka sakafuni, kando ya kiwiko cha Mwelekezi.

"Waliniambia nirudishe," akasema. "Sikurudisha. Hiki hapa, Sijaona. Kichukue."

Sijaona akafumbua jicho moja pale sakafuni. Alikitazama kitabu, akaitazama karatasi ya shingoni. "Dada Nyamizi," akasema kwa masikitiko ya kweli, "kikapu chako hakimo kwenye barabara tisa. Mimi siwezi kuona kisichokuwa njiani."

"Kiko hapa! Unakigusa na kiwiko!"

"Nakigusa, dada. Lakini sijakiona."

Nilitazama huku na huku kutafuta mtu wa kucheka naye. Sikumpata. Watu walikuwa wakitikisa vichwa kwa huzuni, kama waliofiwa. Kitabu kilikuwa hatua moja kutoka kwenye hesabu iliyokihitaji, na nchi nzima ilikubaliana kwamba hakipo. Kosa hili nimelikuta Pamojani tu, na wao wenyewe hawaliiti kosa. Wanaliita utaratibu.

Ndipo akaingia Mkuu wa Vibao, Bwana Lutengano. Ni mtu mnene, mpole, asiyependa kelele, na cheo chake ndicho kikubwa kuliko vyote katika idara ya maktaba. Vitabu havimhusu. Yeye hutengeneza vibao. Alisikiliza tatizo kwa dakika mbili, akaagiza nyundo na msumari, na mbele ya macho yetu akaandika ubao wenye maneno "Kitabu cha Mito, Toleo la Sita", na chini yake akachora mshale. Ukapelekwa Barabara ya Pili, ukapigiliwa kwenye rafu, mshale ukielekea kwenye Toleo la Saba.

"Sasa lipo," akasema Mkuu, akipangusa mikono.

Watu wakapiga makofi. Sijaona akainuka, akatoka mbio, akarudi na tabasamu. Majina yote yalikuwa yamepatikana. Hesabu ikasomwa, tundu baada ya tundu, bila kikwazo hata kimoja, na msomaji akatangaza jibu kwa sauti nzito: mto utapanda dhiraa mbili.

Wajumbe wa Mabondeni wakashusha pumzi. Mmoja wao akacheka, akasema mkewe alikuwa ameshafunga magodoro bure. Nilimtazama Nyamizi.

"Mbili?" akasema. "Mwaka jana ilinyesha siku nne, tukapata sita. Mwaka huu siku kumi, tupate mbili?"

"Hesabu haikulalamika," akajibu Mkuu wa Vibao. "Ulitaka ilalamike?"

Hapa nilishindwa kunyamaza. Nilikuwa mgeni na sikuwa na haki ya kusema, lakini miaka ishirini na saba haikai kimya kwa sababu ya adabu. Nikasimama. Nikawaambia kwamba kwetu mkaguzi akiitilia shaka mizani habishani nayo. Anaweka juu yake jiwe ambalo uzito wake anaujua tayari. "Isomeni hesabu ya mwaka jana," nikasema. "Jibu lake mnalo. Mto wenyewe uliwaandikia kwenye nguzo ya daraja. Dhiraa sita."

Walinong'ona, wakakubali, nadhani kwa kumridhisha mgeni. Karatasi ya mwaka jana ikatolewa. Sijaona akakimbia, akarudi, ikasomwa. Jibu: dhiraa moja.

Nilidhani mambo yamekwisha. Bwana Lutengano alifikiri kidogo, akiwa ameshika kidevu, kisha akasema bila mzaha wowote, "Basi mto wa mwaka jana ulikosea."

Na watu wakaandika. Nawaapia, niliona kalamu zikitembea.

Nyamizi alikuwa amekwisha kulichukua Toleo la Saba na kulifunua. Alilisoma mpaka ukurasa wa mia nne na kumi na mbili, na pale chini, kwa herufi ndogo kama siafu, akakuta alichokitafuta. Katika Toleo la Sita, anayeuliza kitabu hutoa kwanza namba ya mvua, halafu namba ya mteremko. Waandishi wa Toleo la Saba waliona ingependeza zaidi kufuata alfabeti, na mteremko hutangulia mvua. Wakageuza. Kitabu hakina macho, hupokea namba mbili tu. Mvua yote ya siku kumi ilikuwa imehesabiwa kuwa mteremko, na mteremko ukahesabiwa kuwa mvua.

"Si kitabu kibaya," Nyamizi aliniambia kwa ghadhabu. "Ni kizuri kuliko cha kwanza, kwa atakayekiita kwa jina lake. Mimi sikukiita. Nimeita Sita, wakanipa Saba aliyevaa jina la Sita."

Nikaukumbuka uji wa ulezi, na safari hii sikucheka.

Kukafuata mjadala, na siwezi kuuruka ingawa ulinichosha, kwa kuwa ndio unaoonyesha akili za nchi ile. Kwanza walisimama Wabebaji. Hawa ni watu ambao, kwa kuichukia maktaba, hubeba mgongoni vitabu vyote wanavyovihitaji, vyote kabisa, mpaka kile cha kujumlisha moja na moja. Milango ya nyumba zao hupanuliwa ili wapite. Msemaji wao alieleza kwa fahari kwamba wao hawamtegemei mtu yeyote, kisha akamwomba jirani amsaidie kukaa. Nilimheshimu kwa kiasi. Lakini mtu mmoja akamuuliza kama lile kosa la Kitabu cha Kugawanya, lililosahihishwa miaka mitatu iliyopita, amelisahihisha kwenye nakala yake. Akaanza kuupekua mzigo wake.

Halafu akasimama mzee mmoja wa baraza na kutoa shauri lililopendwa na wengi. Kwa nini kikapu cha Nyamizi kisiandikwe juu kabisa ya karatasi ya shingoni mwa Mwelekezi, kiwe barabara ya kwanza kuliko zote? Sijaona akipewa jina lolote ataanza kikapuni, na tatizo litakwisha leo hii.

Bwana Lutengano alikubali. Alikuwa ameshachomoa kalamu. Na mimi, nakiri, nilitaka kupiga makofi.

"Hapana," akasema Nyamizi.

Watu wakageuka.

"Karatasi ile inaelekeza hesabu za nchi nzima. Ukiniandika mimi juu, kila atakayekitaka Kitabu cha Mito atapewa changu. Zahanati wanapima maji ya dripu, nayo ni maji yashukayo, kwa Kitabu hicho hicho, na wao wameandika hesabu zao upya kwa Toleo la Saba. Mmewasahau? Jalada la kitabu changu limebaki na jina tu, namba ya toleo imefutika, na huyu hafungui ndani. Watoto wa zahanati watapimiwa dawa kwa namba zilizogeuzwa ili mimi nipate namba yangu. Sitaki."

Mzee wa baraza akanuna, akasema enzi za mkuu aliyetangulia banda la kaka wa mkuu huyo liliwahi kuandikwa juu na hakuna aliyekufa. Mtu wa nyuma akamkumbusha kwamba mle bandani mlikuwa na kalenda isiyo na mwezi wa nne, na nchi nzima ikauruka. Kukawa na kelele za kulaumiana kuhusu siku za kuzaliwa zilizopotea mwaka ule.

"Basi unataka nini, Bi. Nyamizi?" Mkuu akauliza, sasa akiwa amechoka. "Barabara umekataa. Kibao umekataa."

"Nataka ukurasa wangu wa kwanza."

Baadaye nilielezwa kwamba ukurasa wa kwanza wa kila hesabu ni wazi, na juu yake, kwa sheria ya zamani ambayo hakuna aliyeifuta, panaweza kuandikwa mahali ambapo Mwelekezi ataanza kutafuta kwa ajili ya hesabu hiyo moja tu. Haigusi hesabu ya mtu mwingine. Lakini wakuu wa vibao, mmoja baada ya mwingine, waliupenda ukurasa ule ubaki mtupu, wakaweka masharti kwamba uandikwe na ofisi, kwa muhuri, baada ya siku arobaini za kutafakari.

"Lete ombi lako," akasema Bwana Lutengano. "Siku arobaini si nyingi."

"Mto hautasubiri siku nne."

"Mto umesema dhiraa mbili."

"Mto haujasema kitu!" Nyamizi alipiga meza, kikapu kikaruka. "Kibao chako ndicho kilichosema! Mdogo wangu yuko kule na mtoto wa wiki mbili. Hawa watatu hapa mbele wana watu wao. Mheshimiwa, umechukua jina ukaligongomea kwenye kitu kingine, ukaniambia nishukuru kwa kuwa hakuna aliyepiga kelele. Mimi sasa ndiyo nimepiga."

Akachukua kalamu yake mwenyewe. Akafunua ukurasa wa kwanza, na kwa mwandiko mkubwa ambao niliweza kuusoma nilipokuwa nimesimama, akaandika: "Kwanza tazama hapa nilipo."

Karani mmoja alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa mguu. Hakuna aliyesogea. Nyamizi aliifunga hesabu, akaiweka kikapuni kando ya kile kitabu kikuukuu, akamsukumia Mwelekezi.

"Fanya kazi yako, Sijaona."

Nimemfikiria mtu yule mara nyingi. Maisha yake yote alitii maandishi, na sasa maandishi yalikuwa mbele yake, halali kwa sheria na haramu kwa ofisi. Mkuu wa Vibao alikuwa akimtikisia kichwa. Sijaona aliusoma mstari ule kwa midomo, neno kwa neno. Hakutoka mbio. Aliinamisha uso ndani ya kikapu, na aliponyanyua kichwa macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nimeona," akasema.

Wazee waliokuwapo waliniambia hawakuwahi kulisikia neno hilo Ukumbini. Mwelekezi husema tu anapokosa.

Hesabu ikasomwa. Matundu mengine yote Sijaona aliyajazia barabarani kama kawaida, na lile moja alilijazia kikapuni. Jibu lilitangazwa na msomaji ambaye safari hii sauti yake haikuwa nzito hata kidogo: dhiraa tisa.

Tuta ni dhiraa saba. Wajumbe wa Mabondeni hawakungoja muhuri. Yule aliyecheka ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni. Bwana Lutengano aliwaita warudi, akiwaeleza kwamba namba ile si namba bado, na alikuwa bado anaeleza walipokuwa wameshafika bondeni. Nyamizi alishuka nyuma yao, nami nikashuka naye, na magoti yangu hayajanisamehe.

Siku mbili watu walipanda mlima. Niliona vitanda vikipanda, mabati yaliyong'olewa, mbuzi wamebebwa mabegani, na Tunu na kichanga chake wakiwa juu ya mlango uliogeuzwa machela. Siku ya tatu mchana mto ulikuja. Ulivuka tuta, ukaingia majumbani, na kwenye nguzo ya daraja ukaacha mstari wa tope. Niliupima mwenyewe, kwa kamba yangu ya kazi, siku maji yalipopungua. Dhiraa tisa kasoro vidole vinne. Hakuna aliyekufa.

Mngedhani baada ya hapo nchi ile ingemshukuru. Wiki iliyofuata Nyamizi aliitwa Ukumbini kujibu shtaka la kuuandika ukurasa wa kwanza kwa mkono wake. Mto haukutajwa. Nilipojaribu kuutaja niliambiwa kwamba jambo lililo mbele ya baraza ni ukurasa. Hukumu ikasomwa: mstari ule ufutwe, na aufute yeye aliyeuandika. Karani akaweka raba mezani.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu wa Mabondeni walikuwa wamekuja na bado walinuka tope. Nyamizi aliitazama raba, hakuigusa.

"Sifuti," akasema.

"Ni amri," akasema Mkuu wa Vibao.

"Nimesikia. Sifuti. Kama kuna wa kufuta, afute. Lakini akishafuta aandike jina lake hapo chini, la kwake, si kibao. Na masika yajayo, namba ikishasomwa, alale Mabondeni, chini ya tuta, yeye na watoto wake. Nitampa chumba kwa mdogo wangu."

Raba ikapelekwa kwa karani. Karani akakumbuka kwamba mkono unamuuma. Ikapelekwa kwa yule mzee wa baraza, akaikabidhi kwa jirani bila kuitazama. Ilizunguka benchi zote, ikapita kwa Wabebaji ambao walisema mikono yao imejaa, mpaka ikarudi mezani ilipoanzia. Wote wakamwangalia Bwana Lutengano. Naye, kwa upole wake ule ule, akaeleza kwamba mkuu hafuti, mkuu huagiza. Akageuka kwa Mwelekezi.

"Nenda ukatafute mtu wa kufuta," akaamuru. "Barabara zote tisa."

Sijaona akasimama, akairekebisha karatasi yake shingoni, akatoka. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na dirisha linalotazama barabara zile, nikamwona. Mtu ambaye hakuwahi kutembea katika utumishi wake alikuwa akitembea. Barabara ya Kwanza alinunua karanga. Barabara ya Tatu alisimama kumwamkia bibi mmoja, na wakazungumza. Barabara ya Tano zilikuwamo ofisi za makarani thelathini, na mbele ya kila mlango alisimama, akachungulia ndani, akaaga na kuendelea. Tulimngoja mpaka adhuhuri ikapita. Hakuna aliyethubutu kuondoka.

Akarudi. Alipita katikati ya Ukumbi, mbele ya Mkuu, mbele ya makarani wote na kalamu zao, mbele ya wazee na watu wa Mabondeni. Alipofika kwenye meza, kando ya kikapu cha Nyamizi, akajilaza chali sakafuni taratibu, akakunja mikono kifuani, na akafumba macho.

"Sijaona," akasema.